Baba, Lusajo Naye Anapasuliwa Moyo

Baba,

Sijui hata nakusemeshaje. Miaka kumi na tatu nimeishi kwenye nyumba yako Mbalizi na sijawahi kukuambia neno moja uso kwa uso, halafu leo nimechana karatasi katikati ya daftari la Atupele, nakuandikia kama vile mimi na wewe tulizoea kupiga soga. Unisamehe. Ni mimi mkwe wako, mama Atupele, yule uliyekuwa ukimwita Mnyalukolo, mtu wa Iringa. Sina wa kumwambia haya ninayotaka kusema. Wote nimewaficha, na wewe ndiye mwenye mambo yenyewe.

Naogopa, Baba. Lusajo mwanao ameambiwa mishipa mitatu ya moyo wake imeziba, na kesho asubuhi tunapanda basi kwenda Dar akapasuliwe kifua kama ulivyopasuliwa wewe. Upasuaji ni uleule. Watachukua mshipa mguuni, watauunganisha kwenye moyo ili damu ipite kando ya pale palipoziba. Ana miaka arobaini na minne tu. Nakuandikia nikiwa Iringa, kwa wazazi wangu Mlandege, maana daktari alikataza asisafiri kutoka Mbeya mpaka Dar kwa mkupuo mmoja. Saa hizi ni saa tisa mchana. Yeye yuko sebuleni na baba yangu wanabishana habari za mpira. Namsikia akicheka, na kila akicheka mimi nazidi kuogopa.

Naogopa kwa sababu anakwenda huko kwa imani ambayo mimi najua si ya kweli. Madaktari wa Mbeya walimuuliza kama kuna mtu wa ukoo aliyewahi kufanyiwa upasuaji huu na alirudi vipi. Akawajibu kifua mbele: "Baba alitoka kule mzima, akili zake timamu, presha ndiyo ilikuja kumchukua baadaye." Mimi nilikuwa kiti cha pembeni, nimekumbatia mkoba. Nikanyamaza. Daktari akaandika alichoandika, tukaondoka.

Akili timamu! Jamani, Baba. Wewe uliyekuwa unavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto na kuulizia ndama aliyekufa wewe ukiwa mtoto.

Ngoja nisikimbie. Nataka nikueleze kwa nini nilinyamaza, maana huenda huko uliko unaniona mimi ni mtu mbaya.

Mimi nimekulia hapa Mlandege, nyumba ambayo baba yangu na wake wa kaka zangu wanakaa sebule moja, wanamenya karanga, wanataniana. Nilipoolewa kwenu ndipo nikaambiwa kwamba kwa Wanyakyusa mke wa mwana hakai chumba kimoja na baba mkwe. Hampi mkono. Hamtazami usoni. Mkikutana uani anageuka pembeni, anachuchumaa, anainamisha uso mpaka mzee apite. Dada zako walinifundisha wiki nzima, kama darasa la kipaimara. Walisema siku hizi wengi wameacha, hasa watu wa mjini, lakini nyumba ile haijaacha na mimi nisije nikawa wa kwanza.

Nikajua nimekwisha, nimeletwa kwa mzee mkali. Kumbe! Ukitaka kuniambia jambo ulikuwa unamwambia Atupele, na Atupele akiwa shule ulikuwa unamwambia kuku. "We kuku, hebu mwambie mkwe wangu, ndizi za mbalaga leo hazina chumvi, au chumvi imeisha Iringa yote?" Mimi huko jikoni nacheka nimeziba mdomo kwa kanga, kisha namjibu kuku yuleyule kwamba chumvi ipo ila mzee ana presha na ameambiwa apunguze. Kuku wa watu alikuwa na kazi. Hivyo ndivyo tulivyozoeana, ukuta katikati, na nakwambia ukweli, nilikupenda sana.

Siku ya kwenda Dar ulisimama nje ya mlango wa jiko, mimi nikiwa ndani. Ukasema kwa sauti, bila kutaja ni nani: "Asilie huyo. Mashine huwezi kuifungua inazunguka. Unaizima, unaifunga vizuri, unaiwasha tena." Ulikuwa fundi wa mashine za kusaga na kukoboa zaidi ya miaka thelathini, Mbalizi mpaka Chimala walikuwa wanakuita, ukisikia tu mlio ulikuwa unajua kilicholegea. Nikakuamini.

Mama, mkeo, aliporudi na wewe alinisimulia mara moja tu yaliyotokea kule. Kwamba siku ya tatu baada ya upasuaji ulianza kung'oa mipira ya dawa, ukawa unawaambia manesi kuna mbuzi wamepanda darini washushwe, unawagombeza kwa Kinyakyusa na wao hawaelewi hata neno. Ulimwambia Mama akutolee wale watu waliokuwa wanaiba injini yako. Daktari akamtuliza Mama, akamwambia kuchanganyikiwa namna hiyo kunawapata baadhi ya wagonjwa baada ya upasuaji mkubwa, hasa wazee, na wengi hurudi sawa baada ya siku chache. Lakini akamwambia na la pili. Mkifika nyumbani mkaona anasahau kupita kiasi, haelewi, au upande mmoja wa mwili unalegea hata kwa dakika chache, mrudi hospitali, msisubiri. Mama aliishika ile ya kwanza, ya kurudi sawa. Ile ya pili aliitaja haraka haraka huku anakunja nguo. Mimi niliisikia vizuri, Baba. Sina pa kujitetea hapo.

Wiki za mwanzo ulikuwa sawa, mnyonge tu. Kidonda kikafunga, ukaanza kutembea uani. Tukamshukuru Mungu. Halafu mtu alikuja na mashine yake ya kukoboa imekataa kuwaka, ukaichungulia muda mrefu, umeshika spana mkononi, ukaiweka chini ukaingia ndani kulala. Ulimwambia Mama kifua kinauma. Mimi nilikuwa dirishani nikaona vidole vyako. Havikujua pa kuanzia.

Kisha siku ile uliingia jikoni. Mama alikuwa kanisani, Atupele shule, Lusajo yuko kazini kwake Chimala, anarudi Jumamosi kwa Jumamosi. Nilikuwa namenya ndizi. Ukaingia tu, ukavuta kigoda, ukakaa mbele ya jiko la mkaa, ukanishika mkono. Ukaniita kwa jina la dada yako, yule aliyefariki zamani. Nilipiga ukelele, nikatupa kisu, nikakimbilia kwenye migomba, nikajificha huko kama niliyefumaniwa. Sikuogopa kwa ajili yako hata kidogo. Niliogopa watu watasemaje.

Nilimweleza Mama. Akasema, "Hayo ni ya ndani. Lusajo akisikia baba yake kamshika mkono mke wake, ataishi vipi?" Nikaitikia, maana na mimi sikutaka Lusajo asikie. Hivyo ndivyo tulivyokubaliana, wanawake wawili na akili zetu, kwamba ugonjwa wako ni aibu na aibu inafichwa.

Ukawa unakuja kila siku Mama akitoka. Siku ya tatu sikukimbia. Nilikupa mgongo nikaendelea na kazi, na wewe ukawa unaongea na mgongo wangu. "Ndama amekula?" Nakujibu amekula, kaka. Baada ya muda kidogo, "Ndama amekula?" Amekula. Ulikuwa unalia bila sababu kisha unacheka. Siku moja uliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile yako ya zamani, "Kichwa changu hakiko sawa, na nyie wote mnanidanganya." Nikamenya ndizi. Ilikuwa mara yako pekee kuutaka ukweli, na mimi nikamenya ndizi.

Siku ya kliniki Mbeya nilikunyooshea shati. Lusajo aliomba ruhusa kazini akaja kukupeleka na Mama. Daktari aliuliza kama kuna mabadiliko yoyote, na Mama akasema unaendelea vizuri, unakula, unalala. Wewe ukatabasamu na kumsalimia daktari vizuri, maana salamu hukusahau hata mara moja. Mkarudi na dawa zilezile.

Sasa nakuambia lile ambalo hata Mama hajui.

Ilikuwa asubuhi, mwezi wa saba, ile baridi yetu ya kukausha midomo. Ulikuwa kwenye kigoda na chai yako. Nikasikia kikombe kimeanguka. Ukasema neno, lakini lilikuwa zito, kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Nikageuka. Nilikutazama usoni, mara yangu ya kwanza tangu niolewe, nikaona mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia unaning'inia. Na unajua nilifanya nini? Nilichuchumaa. Miguu ilijikunja yenyewe. Nikainamisha uso nikaanza kuokota vipande vya kikombe, kimoja kimoja, nimeinama hivyohivyo nilivyofundishwa na dada zako. Nilipomaliza kuokota sauti yako ilikuwa imerudi. Ukauliza ndama amekula.

Nikajiambia yamepita. Upande mmoja kulegea hata kwa dakika chache, ndivyo daktari alivyosema, na mimi nilikuwa nimesikia. Lakini ningemwambia nani? Kusema mdomo wa mzee umepinda ni kusema nimemtazama mdomo, tena tukiwa wawili jikoni, mlango umerudishiwa. Nikatupa vipande shimoni, nikafuta chai.

Wiki mbili baadaye Mama alikukuta chini, bafuni. Siku tatu hospitali, ukaenda. Daktari alisema ni kiharusi, donge la damu limeziba mshipa kichwani. Akatuuliza sote tuliosimama pale kama kulikuwa na dalili yoyote kabla. Mama akasema hapana. Lusajo akasema hapana. Mimi nilikuwa nyuma yao na nikatikisa kichwa. Watu msibani wakasema presha, na sisi tukaacha iwe presha.

Hiyo ni miaka miwili sasa. Mashine yako ya uani tumeifunika turubai, Lusajo hataki iuzwe. Mama amepungua, anakaa upande wa jua muda mwingi, ila ulimi bado ni uleule. Atupele yuko darasa la tano, anasema atakuwa daktari wa wanyama, na anaulizia mpaka leo kwa nini babu alimuuliza yeye ni mtoto wa nani. Nilimwambia babu alikuwa anatania.

Na Lusajo alianza mwaka huu. Kupanda ngazi anasimama katikati. Anajishika hapa, chini ya shingo, anasema ni gesi. Gesi, gesi, mpaka siku aliyokaa chini barabarani Chimala jasho linamtoka na watu wakambeba. Mchana nampikia, namfulia, na kichwani kwangu hakuna kingine ila wewe kwenye kile kigoda. Naogopa afe mezani. Lakini kinachonitoa jasho hasa ni arudi mwili wake tu. Aingie mlangoni aniulize mimi ni nani. Aniite shangazi. Mtu aliyenipigania nisome kozi yangu ya ushonaji baada ya kuzaa, anayejua napenda kuchomewa mahindi machanga na si makavu, aniangalie kama mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Na nikinyamaza, wale madaktari hawatajua wamchunge na nini. Nikisema, nitakuvua nguo wewe marehemu mbele ya mwanao, na yeye akitishika akakataa upasuaji, nitakuwa nimemuua kwa mdomo wangu. Nimebeba hili kutoka Mbalizi. Tulipopita Chimala alikuwa ananionyesha mashamba ya mpunga dirishani na mimi nilikuwa naitikia tu.

Nilitaka nikuombe ruhusa. Ndiyo maana nimechukua karatasi. Lakini nimekaa hapa, kalamu mkononi, na hakuna kuku wa kuniletea jibu. Ngoja.

Nimerudi, Baba. Sasa ni saa kumi na moja kasoro. Naandika haraka, usome hivyohivyo.

Nilimwita Lusajo nje, chini ya ukuta, baba yangu akabaki na redio yake. Nikamwambia yote. Mbuzi wa darini, spana, kigoda, mkono wangu, ndama. Nikafika kwenye kikombe nikashindwa, nikaanza tena, nikamaliza. Nilimtazama muda wote niliokuwa nasema. Nilidhani atanipiga, na hajawahi kunipiga. Nilidhani atasema haendi tena Dar.

Alikaa juu ya tofali. Akasema, "Alinipigia simu siku moja niko kazini. Akaniuliza kama mimi ndiye fundi wa mashine, nije nimsaidie, mashine yake imemkataa na ana aibu kuwaambia watu wa nyumbani." Hukumjua, Baba. Ulizungumza naye kama mgeni, ukamuita mheshimiwa, ukamuaga. Na yeye hakuwahi kumwambia mtu. Aliona akikusema atakushusha mbele yangu na mbele ya Mama. Mle ndani kila mtu alikuwa na kipande chake na kila mtu alikuwa amekificha kwa heshima.

Kisha akalia. Lusajo! Hata msibani kwako alijikaza. Akasema anaogopa kurudi hivyo kuliko anavyoogopa kufa, na kwamba kila anapowaambia madaktari baba alirudi mzima anajiambia yeye mwenyewe. Nikamshika kichwa. Kilikuwa cha moto. Tukakaa hivyo hadharani, mtaa mzima unapita na ndoo zao za maji, sikujali.

Tukapiga simu kule Dar, kwa daktari atakayempokea. Simu ikashikwa na nesi, mama wa makamo kwa sauti, mpole lakini hana muda. Akatuambia ni vizuri tumesema kabla. Watampima na mishipa ya shingoni, ile inayopeleka damu kichwani, na baada ya upasuaji watamwangalia mapigo ya moyo kwa karibu, maana moyo ukipiga ovyo ndipo damu inaganda. Akasema nije na miwani yake, na nikiruhusiwa kuingia nimwambie ni siku gani, yuko wapi, mimi ni nani, hata kama anaona mbuzi. Hakutuahidi kitu. Nilimuuliza kama atarudi na akili zake, akasema, "Mama, wengi wanarudi," na mimi hilo neno nalijua.

Kisha akataka historia yako iingie kwenye faili, kwa sababu wewe ulifanyiwa palepale na kumbukumbu zako zipo. "Mzee anaitwa nani?"

Wewe unajua. Mkwe hatamki jina la baba mkwe. Miaka kumi na tatu nimekuita Baba, Babu Atupele, Mzee, na kwenye fomu za shule nilimpa Lusajo aandike. Lusajo akanyoosha mkono achukue simu anisaidie, alishafungua mdomo. Nikamzuia. Nikalitaja, Baba. Jina lako la ubatizo, na la Kinyakyusa alilokupa mama yako, na la ukoo, yote matatu, na yule nesi akasema hajasikia vizuri, nikayataja tena kwa sauti kubwa pale uani kwa baba yangu. Nikamwambia nilimwona na macho yangu mdomo ukipinda, mwezi wa saba, asubuhi, na sikumwambia mtu. Nikasikia anaandika.

Sikuangukiwa na mbingu. Lusajo alikuwa ananitazama tu.

Hapa kwenye karatasi siliandiki, nimelitamka mara mbili na inatosha. Kama nimekukosea adabu, nimekosa, ila usimlipizie mwanao. Kama kosa langu ni lile la kikombe, basi hilo nalo nimelikubali, na sitaomba ulisahau.

Lala, Baba. Ndaga, asante, kwa yote uliyoniambia kupitia ukutani. Akitoka kule hanijui, nitakaa mbele yake, si kwa mgongo, nitamwambia jina langu na jina lake, kila siku, mara zote atakazouliza. Mdomo ukipinda nitapiga kelele mpaka Mlandege wasikie. Nakuahidi hilo. Bado naogopa, nisikudanganye. Basi linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi, na sijamfungia begi.

Mkwe wako,
mama Atupele